Must not si "si lazima"

Mhariri, assalaam alaykum. Naomba pahala kidogo kwenye gazeti lako, najua barua za wasomaji mnapenda ziwe fupi na hii yangu haitokuwa fupi, ukiona imezidi kata popote lakini pale nitapozungumza mambo ya chuoni, yaani madrasa, usipaguse mana ndo roho ya barua yenyewe.

Mie natembeza wageni kwenye mashamba ya viungo huku Kizimbani, mwaka wa kumi na mbili sasa. Kuna watu wanatuita magaidi, wamelichukua neno la Kizungu, guide, wakalitia Kiswahili hivohivo bila kuangalia kama lishakuwa na mwenyewe, mie nnawakataza, gaidi ni mtu mwengine kabisa na polisi wanamtafuta. Niiteni mtembeza wageni inatosha.

Khabari inaanzia kwenye kibao. Kuna msimu wageni walilalamika kuwa vijana wetu wanawaganda sana kwa bakshishi, mtu hajashuka vizuri kwenye gari keshaambiwa mpanda mnazi ana mama mgonjwa. Malalamiko yakafika mpaka kwa wenye magari huko mjini, wakatwambia jamani tengenezeni mambo yenu au wageni tutawapeleka shamba jengine. Tukakaa chini tukakubaliana tutie kibao pale kwenye kibanda cha kuuzia viungo, mgeni asome mwenyewe kwamba bakshishi ni hiari yake, akitaka atoe, asitake aende zake salama. Kazi ya kuandika akapewa yule kijana anaepanda mnazi kwa kuwa ana hati nzuri, mabango ya timu ya mpira ya hapa yote kaandika yeye. Akatafuta ubao, akaupaka rangi nyeupe, akaandika kwa nyekundu, herufi kubwakubwa: YOU MUST NOT GIVE TIP.

Alichotaka kusema ni si lazima kutoa bakshishi. Must ni lazima, not ni si, changanya pamoja unapata si lazima, hesabu imekubali. Mie nilikisoma nikasema mashaallah. Mwenye shamba akakisoma akasema kimekaa kiheshima. Madereva wakakisoma. Watu wote hao tumepita skuli, tunaongea Kiingereza kila siku ya Mungu na ndo kinachotulisha, na hakuna hata mmoja alieguna.

Tulikaa wiki tano hatujaona kitu cha maana. Yaani mgeni anazungushwa shamba zima, anatafunishwa iliki, ananusishwa majani, mkewe anapakwa rangi ya zingefuri mdomoni kama bi harusi, wanavishwa kofia za makuti na tai za makuti, kijana anapanda mnazi huku anaimba mpaka juu kabisa anatikisika kule wazungu wanashika vifua, anashuka na madafu, wote wanapiga makofi, mume anatia mkono mfukoni, anakiangalia kile kibao, anautoa mkono mtupu. Wengine walikuwa wanaomba radhi kabisa. Bwana mmoja wa Kiingereza alinivuta pembeni ya kibanda akanitilia noti mkononi kwa siri kama mtu anaenunua magendo, akanambia usimwambie bosi wako. Mie nikadhani mzee wa watu kichwa hakimo sawa.

Kitu kilichotutatiza zaidi ni kwamba Wajerumani walikuwa wanatoa. Sio wote, lakini wengi, na bila kujificha. Tukaanza kusema ah Wajerumani wana imani kuliko Waingereza, na barzani jioni tukawa tunatafuta sababu zetu, mara ukoloni, mara ubakhili, kila mtu na lake. Mpaka siku alipokuja mama mmoja wa Kijerumani, mwalimu mstaafu, akasoma kibao akatoa bakshishi yake, halafu akarudi nyuma akakisoma tena akaanza kucheka peke yake. Akaniita. Akanambia hichi kibao nani kakiandika, nikamuonesha kijana, akasema huyu mtoto ana kichwa cha Kijerumani. Kwao wana neno lao muss, ni ndugu wa damu na must ya Waingereza, lakini wakitia nicht yao pale, du musst nicht, maana yake ni si lazima, vilevile tunavyosema sie. Wakitaka kumkataza mtu wanatumia neno jengine, du darfst nicht. Kwa hivo Mjerumani akisoma ubao wetu kwa haraka kichwa chake kinampeleka kule alikotaka kijana. Muingereza akisoma anaona amri: marufuku kutoa bakshishi. Mama akasema na wao Wajerumani wakijifunza Kiingereza wanaanguka shimo hilohilo, skuli kafundisha miaka thalathini na kila mwaka anakutana nalo.

Basi pale ndo nilipoona aibu, Mhariri. Miaka kumi na mbili.

Sasa nisikilize nikweleze vile nilivofahamu mie, na wasomi wanisahihishe. Kwenye Kiswahili ile si unaiweka unapotaka. Ukisema si lazima utoe, si imesimama mlangoni kwa lazima, imeiua lazima, kilichobaki ni hiari yako. Ukisema lazima usitoe, si imeingia ndani ya kutoa, lazima iko hai kabisa na inakulazimisha usifanye. Mtoto mdogo anasikia tofauti. Kiingereza not inakaa nyuma ya must siku zote, haina pahala pengine, na mtu ukiiangalia kwa macho unaona imeigusa must kwa hivo lazima inaikana must, kumbe haiigusi hata kidogo, inaruka inakwenda kukikana kitendo kinachofuata mbele. You must not give ni lazima usitoe. Na wakitaka kuiua lazima yenyewe Waingereza wanaikimbia must, wanakamata maneno mengine, you don't have to give, au kwa wale wanaopenda kuvaa koti, you need not give. Hapo ndo kwenye si lazima yetu.

Na hili neno must nalo lina mambo yake. Yule mama alinambia, na baadae nikakuta ni kweli, kwamba zamani, Kiingereza cha miaka elfu moja nyuma, must ilikuwa ni wakati uliopita wa kitenzi chengine, mot, na maana yake ilikuwa kuruhusiwa. Yaani ilikuwa jirani na may ya leo! Kaja kama mgeni anaeomba ruhusa ya kukaa barzani, leo ndo anaegawa amri nyumba nzima. Na kwa kuwa yenyewe ilishakuwa wakati uliopita haina tena wakati uliopita mwengine, ndo mana ukitaka kusema jana ilinibidi nende Mkokotoni huwezi kusema I must jana, unakwenda kuazima had to. Na ndo mana haipokei ile s ya he na she, ukisema he musts unachekwa, wala haitaki to mbele yake, must to go ni kosa ambalo kila siku nnalisikia bandarini na hata mimi mwenyewe linanitoka nikichoka.

Sasa pale pa chuoni.

Mtoto wa Kizanzibari akifika miaka minane tisa, hata hajajua kusoma gazeti lako, keshakaa kwa ustadhi keshafundishwa hukumu tano. Wajibu, sunna, mubaha, makuruhu, haramu. Na anazitoa kwa wimbo: wajibu ukifanya unapata thawabu ukiacha unapata dhambi, sunna ukifanya unapata thawabu ukiacha huna dhambi, mubaha ukifanya sawa ukiacha sawa, makuruhu ukiacha unapata thawabu ukifanya huna dhambi, haramu ukiacha unapata thawabu ukifanya unapata dhambi. Mtoto huyu huwezi kumdanganya kwamba kisichokuwa wajibu basi ni haramu. Atakucheka. Kati ya wajibu na haramu anajua kuna vyumba vitatu vizima watu wamekaa.

Mfano wa kufunga. Kufunga Ramadhani, must. Kufunga sita za Mfunguo Mosi, ndo Shawwal, mwezi unaofuata Ramadhani, should, ni sunna, kila mtu anakuhimiza na bi mkubwa nyumbani anakutazama kwa jicho ukiziacha, lakini hazikulazimu, you don't have to. Kufunga siku yenyewe ya Idi, hapo ndo must not, ni haramu, siku ya kula hiyo. Hebu sasa mtu asimame msikitini baada ya sala aseme kwa Kiingereza you must not fast six days of Shawwal, akidhani kasema si lazima. Watamtoa! Kaharamisha sunna. Na sie kwa ubao wetu tulifanya jambo hilohilo, tulichukua kitu mubaha, na kwa mila zetu sie ni karibu na sunna, tukakipandisha haramu kwa rangi nyekundu.

Mie nnasema hivi, na hii ndo sababu ya kuandika: walimu wetu wa Kiingereza Unguja na Pemba wana hazina ambayo mwalimu wa London hana. Watoto wanakuja darasani na hukumu tano kichwani tayari, zimekaa vizuri, zimepangwa. Mwalimu kazi yake ni kuchora ubaoni vyumba vitano na kutia maneno ya Kizungu ndani yake. Must pale wajibu. Should pale sunna. May na don't have to pale mubaha, mana mubaha ni mlango wa pande mbili, waweza kuingia na si lazima kuingia. Should not pale makuruhu. Must not pale haramu. Robo saa imekwisha. Badala yake tunawaandikia must = lazima, must not = si lazima, wanakopi, kengele inalia.

Najua kuna mtu atasema ah usichanganye dini na Kiingereza. Sichanganyi bwana, sisemi mwenye kutoa bakshishi anaingia motoni, nnasema ngazi ile mtoto anayo na ngazi ni ngazi tu, unaweza kuchumia karafuu na unaweza kupakia rangi ukuta.

Ngazi yenyewe haifiki kila tawi, nakiri. Kuna must ya kukisia, hiyo haimo kwenye hukumu yoyote. Sie shambani tunaiona kila siku kwa sababu mchezo wetu mkubwa ni kumpa mgeni jani alifikiche anuse akisie ni kitu gani. Anasema it must be lemon. Hapo hajamuamrisha mtu, hajalilazimisha jani liwe limau, anakisia kwa nguvu, na Kiswahili chetu kinafanya hivohivo, lazima itakuwa limau hii. Kumbe mchaichai. Lakini angalia anapokataa, mkewe ananusa anasema it can't be lemon, hasemi must not be. Yaani must ya kukisia ikikanushwa inageuka can't, haiwezi kuwa. Wamarekani nao wana kwao, nishawasikia wakisema he must not be home wakiwa wanakisia tu kwamba mtu hayupo, kwa hivo ukikutana na Mmarekani tega sikio vizuri kabla hujaogopa. Kijana wetu mmoja mpya, alipoambiwa na mgeni you must be hungry baada ya kushuka mnazini, akajibu sorry sir. Alidhani keshaamrishwa awe na njaa na yeye kala chapati mbili asubuhi.

Na masikio nayo tusiyasahau, mustn't wakiitamka ile t ya kati wanaimeza, unasikia masnt, masn, ikipita haraka hujui kama umeruhusiwa au umekatazwa. Mie nikiwa na shaka nauliza tena. Bora uonekane kiziwi.

Sasa kibao chetu kilitukosesha visenti, must not ya mtoto wa dada yangu ilimkosesha kazi. Kijana huyu katokea Pemba, Konde, kamaliza Fomu Foo na Kiingereza kapata B, akaajiriwa kwenye hoteli moja ya pwani ya mashariki, jina silitaji na sitaki ugomvi. Akapewa mkataba wa kurasa sita. Ndani yake kulikuwa na mstari unasema wafanyakazi must not accept gifts from guests. Akausoma, akauelewa kwa Kiingereza kile alichofundishwa: si lazima kupokea zawadi za wageni. Akaona maneno mazuri haya, hoteli inanilinda nisije nikalazimishwa kupokea kitu nisichokitaka. Mwezi wa nne mgeni mmoja akamvulia saa ya mkono akampa, kwa mapenzi tu, mana kijana alikuwa anamchukulia chai ukumbini kila asubuhi. Kijana akaivaa. Akaivaa hadharani, Mhariri, hiyo ndo dalili kuwa hakujua, mwizi haivai saa mbele ya meneja.

Akaitwa ofisini. Akaulizwa mkataba ulisoma, akasema nimesoma. Mstari huu ulisoma, nimesoma. Sasa mbona umepokea? Akajibu kwa moyo mweupe kabisa, sikulazimishwa, nimepokea kwa hiari yangu. Wakamuona mjeuri. Siku hiyohiyo kapewa barua na nauli ya kurudia mjini. Kaja kwangu na begi lake ananambia mjomba mie nimekosa nini, nimewajibu kwa adabu. Nikamwambia lete mkataba niusome. Mie wakati huo nilikuwa nishapita kwenye darasa la yule mama wa Kijerumani, ingekuwa mwaka mmoja kabla ningemwambia mwanangu umeonewa twende kwa mwanasheria.

Usiku ule nikamwambia atafute daftari lake la skuli, bahati dada kamtunzia yote kule Pemba, baadae akatuletea kwa boti. Fomu Tuu. Ukurasa umeandikwa kwa peni ya buluu, kichwa cha habari modal verbs, chini yake imepigwa mstari: must lazima, must not si lazima. Na pembeni mwalimu katia tiki nyekundu. Simlaumu mwalimu yule, huenda na yeye kafundishwa hivohivo na wa kwake. Lakini ile tiki nimeiangalia muda mrefu sana.

Kwenye mtihani kosa hili halionekani, hapo ndo tatizo, mana mtihani unaulizwa jaza nafasi, you ..... smoke in the hospital, mtoto anatia must not kwa kuwa kaona kwenye kitabu, anapata maksi yake, hakuna alieuliza kwani ulikuwa unasema nini. Ningekuwa mie natunga mtihani ningempa ubao wetu wa Kizimbani nimuulize: mgeni atoe au asitoe?

Kuna jambo jengine inabidi nilikiri. Baada ya haya yote nilikuwa nikijisifu barzani kwamba Kiswahili chetu ni safi, hakina mkorogo huu, sie ile si tunaiweka pahala pake. Palikuwa na mzee mmoja, zamani karani wa bandarini Wete, mtu wa maneno machache, anakunywa kahawa tu. Akaniuliza, wewe, ukienda hospitali ya serikali ukaambiwa hutakiwi kulipa, maana yake nini? Nikasema si lazima kulipa, bure. Akasema na ukiambiwa hutakiwi kuingia na viatu? Nikasema ni marufuku. Akasema sasa hutakiwi moja au mbili? Barza nzima kimya. Akashushia kahawa yake akasema na hupaswi je, na haitakiwi je. Nikamwambia mzee umenimaliza.

Na kweli, ukichunguza unakuta hutakiwi yetu ndo must not ya Mjerumani na ya Muingereza kwa wakati mmoja, unaijua maana kwa mambo yenyewe, mana hakuna mtu duniani anaekatazwa kulipa. Halafu mzee akatutia kwenye lengine, hapana budi. Akasema nani kati yenu keshawahi kuwa na budi? Sina budi nende, hatuna budi tukubali, hapana budi, siku zote budi haipo. Lile ni neno la Kiarabu limekuja na ukanushi wake kama konokono na nyumba yake, maana yake ni njia ya kukwepa, ukisema sina budi umesema sina pa kupenyea. Kwa hivo sie tunalazimisha kwa kukanusha na Waingereza wanakataza kwa kulazimisha, kila watu na wazimu wao. Tulicheka mpaka mtu wa kahawa akasahau kudai pesa, ingawa alizikumbuka baadae.

Kijana mmoja hapo barzani anasomea sheria akatwambia hata wanasheria wana kesi na maneno haya haya. Sheria ya Tafsiri ya Sheria ya Bara, Sura ya 1, kifungu cha 53, imebidi iseme waziwazi kwamba may maana yake mtu ana khiari ya kufanya au kutofanya, na shall maana yake kazi hiyo sharti ifanywe, na sie Zanzibar tuna sheria yetu wenyewe ya kutafsiri sheria. Akasema Afrika Kusini walipoandika Katiba yao ya 1996 waliiweka shall pembeni wakatumia must, mana shall watu walikuwa hawajui ni amri au ni khabari ya kesho. Hapo ikabidi nimuulize na may not je? Akasema may not kwenye sheria ni katazo, lakini mtaani he may not come ni labda hatokuja. Nikamwambia inatosha, nna wageni asubuhi.

Nnachoomba mie ni vitu vidogo. Walimu wafute ule mstari wa must not si lazima popote ulipo ubaoni na kwenye madaftari, watie vile vyumba vitano. Na wenye mahoteli na maskuli na ofisi wanaowapa watoto wetu mikataba ya Kiingereza wawasomee kwa Kiswahili kabla ya kutia saini, hasa pale pote penye not, haichukui nusu saa. Na sie wenye vibao tuviangalie upya, mana nimepita Mji Mkongwe juzi nimeona mlangoni kwa duka moja la vitambaa wameandikiwa wageni you must not buy, only look. Najua walichokusudia maskini, karibuni muangalie si lazima kununua. Nikaingia nikawaambia. Mwenye duka akanijibu ndo mana, akaenda kutafuta kiti apande akitoe.

Mtoto wa dada yangu yuko na mie shambani sasa, anajifunza majina ya miti. Yeye ndo alieandika kibao kipya na yule mpanda mnazi akamshikia ngazi. Yule mama wa Kijerumani alituachia sentensi ya kwao kabla hajaondoka, Trinkgeld ist kein Muss, tumeitia katikati, juu Kiingereza, you don't have to give a tip, na chini Kiswahili, bakshishi si lazima. Nilipokwenda kukiangalia rangi ilikuwa bado mbichi, na pale chini kabisa ilipobaki nafasi mpanda mnazi kaongeza mwenyewe bila kumuuliza mtu: wala si haramu.

Wako,
Mtembeza wageni, Kizimbani, Unguja